Muziki wa laivu Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wa mtaa wa Langoni wananijua kama "yule wa daftari". Daftari lenyewe ni la wanafunzi, la mistari, na ndani yake huandika nani anapiga, wapi, usiku gani. Wageni kutoka Nairobi, vijana wa mtaa wa Mkomani, hata mama mmoja wa Faza, kisiwani Pate, ambaye mwanawe ameanza kuimba, wote hunisimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kuniuliza mambo yale yale. Nimeyajibu hapa mara moja, nami nipate kufika nyumbani kabla chai haijapoa.

Kwani Lamu kuna muziki wa laivu, au ni maulidi na harusi tu?

Upo, ila hauna jengo. Mombasa muziki una mlango, tikiti na mlinzi. Hapa una ua, baraza, paa la makuti na wakati mwingine jahazi. Ukipita kando ya bahari usiku ukitafuta taa za rangi, utarudi kulala ukidhani mji umekufa, na kumbe nyumba tatu nyuma yako kuna mtu anakaza nyuzi za udi.

Na hilo neno "tu" baada ya harusi ningelifuta. Harusi ndiyo inayowalisha wapigaji wetu. Anayepiga kinanda harusini Alhamisi ndiye utakayemwona Jumamosi Shela, kijiji jirani cha ufukweni, akiwapigia wageni, na ndiye aliyerekodi wimbo wake mwenyewe mwezi uliopita chumbani kwa kaka yake.

Mnaposema "msanii wa kujitegemea" mnamaanisha nani?

Lamu karibu ni wote. Hakuna lebo iliyofungua ofisi hapa. Mpiga udi ninayemfuatilia zaidi mchana ni fundi wa kuchonga milango. Mwingine ni nahodha. Vijana wa bongo fleva wanarekodi katika chumba ambacho dirisha limezibwa kwa godoro, wakisubiri adhana ipite ndipo waimbe. Godoro linazuia mengi lakini punda halimzuii. Ninao wimbo mmoja wa mapenzi simuni ambao punda analia kwenye kiitikio, na kijana amekataa kuurudia kwa sababu, asema, huo mlio uliingia mahali pake.

Nitajuaje kuna shoo wiki hii?

Mabango yapo, lakini machache na hubandikwa kwa kuchelewa. Kituo cha kwanza ni Mkunguni, ule uwanja mbele ya Ngome. Kaa hapo baada ya alasiri, kunywa kahawa, usikilize wanaopita. Cha pili ni status za WhatsApp za wapigaji wenyewe. Namba huombwa kwa mdomo, mimi sizigawi.

Siri yangu ya kweli ni mwenye spika. Mji mkongwe hauna magari, kwa hiyo vyombo vyote husukumwa kwa mkokoteni au huja kwa boti. Anayekodisha spika, maiki na viti hujua wiki mbili mbele kila kitakacholia, awe ameajiriwa na bwana harusi, hoteli au kaunti. Mjue huyo umeujua mji. Na kama humjui, ukiona hamali anasukuma spika mbili saa kumi za alasiri, mfuate pole pole. Mimi nimegundua shoo nyingi kwa kufuata mkokoteni kuliko kwa kusoma matangazo.

Redio? Pwani FM ya KBC husikika na hutaja matamasha makubwa, ila mambo ya mtaani kwetu hayafiki huko.

Msimu mzuri ni upi?

Hapa ndipo wageni wanapopotea, kwa sababu Lamu ina kalenda mbili na muziki unafuata zote mbili kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari imetulia, wageni wamejaa Shela, hoteli zinaita wapigaji. Mwezi wa Novemba, mlangoni mwa kaskazi, ndipo kwa kawaida hufanyika Tamasha la Utamaduni la Lamu: mashindano ya mashua, mbio za punda, bao, mashairi, na usiku ngoma. Kusi ikianza Aprili mawimbi huwa makubwa, mvua za masika zinaingia, na hoteli kadhaa hufunga kabisa Mei na Juni. Miezi hiyo usimtafute mpigaji hotelini. Mtafute barazani, na huwa na nafasi ya kuongea nawe.

Ya pili ni ya mwezi. Shaabani ni harusi juu ya harusi, kila mtu anawahi kabla ya mfungo. Ramadhani kimya, ila qasida. Baada ya Idd, Mfungo Mosi, harusi zinarudi kwa nguvu. Mfungo Sita ni Maulidi.

Sasa, mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Kwa hiyo hizi kalenda mbili hazikai sawa, moja inatembea juu ya nyingine. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaanza Februari, katikati ya kaskazi, wakati hoteli ziko tayari kulipa na wapigaji wengi hawapigi. Ni miaka migumu kwao. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza Januari na nyingine itaanza Desemba, ndani ya mwaka mmoja wa kizungu. Anayeuliza "msimu ni mwezi gani?" namjibu kwa swali: mwaka gani?

Tangazo limeandikwa saa tatu. Nifike saa ngapi?

Kwanza hakikisha ni saa tatu ipi. Kijana aliyechapisha bango Nairobi huandika 9, na yupo atakayesoma ni saa tisa. Nimeona watu wamevaa wakaja saa tisa alasiri, jua kali, uwanja mtupu na paka.

Ikishajulikana ni saa tatu usiku, jua kwamba hakuna kinachoanza kabla ya sala ya Isha na watu kula. Saa tatu ni kufunga nyaya. Saa tatu u nusu ni "haloo, haloo, maiki". Muziki wenyewe huanza kama saa nne. Harusini ongeza saa nyingine. Ila hotelini fika kwa wakati, kwa sababu wageni wanalala mapema na bendi husimamishwa wimbo wa tano.

Mbona siku ya Idd mlituambia uongo?

Sikusema uongo, nilikosea, na nimeshaomba radhi. Kulikuwa na shoo ya Idd pili uwanjani. Mimi nikahesabu siku 29 za mfungo, nikawaambia watu Jumamosi. Mwezi haukuandama. Ikawa 30, na Idd pili ikasogea Jumapili. Boti moja kutoka Faza ilikuwa imeshajaza watu na mafuta, wakafika Jumamosi jioni wakakuta hamali amekalia spika zilizofunikwa turubai. Tuliwatafutia pa kulala. Mzee mmoja alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyeuona mwezi?" Tangu siku hiyo, shoo yoyote ya Idd huiandika kwa penseli.

Je, Maulidi niyahesabu kama tamasha la muziki?

Hapana, na usiyaite hivyo mbele ya watu wa Riyadha. Hiyo ni ibada. Lakini ukitaka kuelewa mdundo wa Lamu umetoka wapi, usiyakose.

Msikiti wa Riyadha uko Langoni na ulianzishwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyehamia hapa karne ya 19. Yeye ndiye aliyeyapa nguvu matari katika kisomo cha maulidi, na wapo wanazuoni wa mji waliomlaumu kwa kuingiza ngoma penye ibada. Mabishano yale yamepoa na matari yakabaki. Leo watu wanakuja kutoka pwani yote, Tanzania na Visiwa vya Ngazija, na zefe, yale maandamano ya maulidi, inajaza njia kiasi kwamba punda wenyewe hujibanza ukutani.

Mbele ya msikiti utaona goma. Wanaume wamesimama safu, kanzu nyeupe, kofia, bakora mkononi, wanainama na kuinuka taratibu kama mashua iliyotia nanga. Hakuna haraka. Mgeni wa kwanza hungoja mambo "yaanze", na yeye hajui yalishaanza nusu saa iliyopita. Pembeni yake huwa na kirumbizi: zumari inalia, wawili wanaingia duarani na fimbo, mmoja anashambulia, mwenzake anakinga. Watoto hutazama fimbo. Mimi hutazama mashavu ya mpiga zumari, maana apuliza bila kukata, pumzi anaivuta puani huku mashavu yanasukuma iliyobaki mdomoni.

Mavazi ya heshima, viatu mkononi, usimkate mtu njia kwa ajili ya picha. Daftarini Maulidi yana ukurasa wake, hayachanganyiki na shoo.

Mimi ni mwanamke. Kuna nini kwa ajili yangu?

Kuna kingi, na kizuri zaidi sijawahi kukiona kwa sababu mimi siingii. Haya nimeyapata kwa dada yangu.

Harusi ya Lamu upande wa wanawake ina muziki wake: lelemama, tarabu, na vugo, ambapo pembe za ng'ombe au nyati hugongwa kwa vijiti huku wanaimba kwa kupokezana. Ukialikwa, nenda. Simu utaiacha mlangoni au utaambiwa uifunge mkobani, kwa kuwa ndani wanawake wamevua buibui na picha ni mwiko. Usibishane na bibi aliyekaa mlangoni.

Jambo moja la kuchunga ni kutuza. Nyimbo hizi zina mafumbo, na mafumbo yana wenyewe. Dada aliwahi kumpeleka mgeni wa bara, binti mchangamfu, wimbo ukamkolea akainuka na noti ya mia mbili akamtuza mwimbaji kwenye ubeti fulani. Ukumbi ukapiga vigelegele upande mmoja na kununa upande wa pili. Ubeti ule ulikuwa umemlenga jirani wa mtu. Binti akatoka pale ana maadui watatu na hajui majina yao.

Kwenye shoo za wazi Mkunguni wanawake huja kwa wingi na hukaa pamoja, mara nyingi upande wa ngazi za Ngome. Jengo hilo lilikuwa jela hadi 1984, sasa ni makumbusho na ua wake hutumika kwa hafla. Sauti ndani ya ua ule ni tamu ajabu, kuta za matumbawe hazirudishi mwangwi mkali.

Nianze kumsikiliza nani, kabla sijafika?

Zein l'Abdin. Mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kupiga Mombasa, na kila mpiga udi wa hapa ama anamfuata ama anajitahidi asimfuate. Udi wake hauna papara, unaongea kisha unangoja ujibiwe. Mwenzake wa Mombasa, Juma Bhalo, alishika njia nyingine, mahadhi ya filamu za Kihindi, na mabishano ya nani zaidi bado yanaharibu vikao vya kahawa.

Sikiliza maneno pia. Zein aliimba mashairi ya washairi wa huku, akiwemo Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni. Ndiye huyo huyo aliyetuundia neno "runinga", kwa hiyo kila ukiwasha taarifa ya habari unamtaja bila kujua.

Chombo cha zamani kuliko udi wa kisasa ni kibangala, cha kipande kimoja cha mti, uso wa ngozi. Ukibahatika kukisikia kikipigwa, nyamaza.

Shoo iko Shela. Nitakwenda na kurudi vipi?

Ni kama kilomita 3 kutoka mjini, mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu ufukweni, au boti. Cha kuuliza ni maji.

Shoo nyingi za Shela huwekwa usiku wa mwezi mpevu kwa sababu ya mwangaza. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, na bamvua hapa maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni, halafu hupwa kabisa saa nne au tano usiku. Maana yake ni hii: wakati unakwenda, njia ya ufukweni imefunikwa, utapita ukutani ukilowa magoti. Wakati unarudi, mchanga mkavu mpana na mwezi juu. Basi enda kwa boti, rudi kwa miguu. Wengi wanafanya kinyume, na boti ya usiku ndiyo ghali.

Ukirudi kwa boti, patana kabla ya kupanda, na mwambie nahodha saa utakayotoka. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, haya yote hayana uzito, tembea utakavyo.

Kiingilio ni kiasi gani? Na wapigaji wanalipwaje?

Uwanjani ni bure. Hotelini huna kiingilio ila unatarajiwa kuagiza kitu. Harusini unaalikwa, huendi tu.

Kwa sababu ni bure watu hudhani wapigaji wameshalipwa. Mara nyingi hawajalipwa. Nilikuwepo usiku mmoja kwenye hoteli ya ufukweni, jina naliacha. Watu wanne, saa tatu za kupiga, na malipo ya mwisho yalikuwa sahani ya sambusa na maneno kwamba "mmeonekana na wageni wakubwa". Mpiga dumbaki alizifunga sambusa kwenye karatasi awapelekee watoto. Hakusema kitu hadi tulipofika gatini, akauliza kuonekana kunauzwa kilo pesa ngapi.

Kwa hiyo tuza. Noti mkononi au M-Pesa, wengi wamebandika namba kwenye ngoma au ubavuni mwa kinanda. Tuza wakati wimbo unaendelea, si wakati wanakunja nyaya.

Naruhusiwa kurekodi kwa simu?

Dakika moja ya kumbukumbu yako, hakuna atakayekukataza kwenye shoo ya wazi. Kurekodi shoo nzima na kuipandisha YouTube kwa jina lako ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi na pia anayeimba jukwaani. Ongea naye, mara nyingi atakubali, na atakuomba nakala kwa sababu yeye mwenyewe hana.

Bendi yetu inatoka Nairobi, tunataka kupiga Lamu. Tuanzie wapi?

Msianze na bango. Mji mkongwe una misikiti zaidi ya 20 ndani ya eneo ambalo unaweza kulizunguka kabla kahawa haijapoa. Hakuna mahali pa kuweka spika ambapo hapana msikiti karibu. Kwa hiyo kwanza wazee wa mtaa, kisha kibali cha kaunti cha vipaza sauti na taarifa kwa polisi, kisha mwenye spika, bango mwisho. Adhana ikianza mnakata sauti hapo hapo, hata kama mko katikati ya wimbo wenu mkubwa. Bendi moja ya bara ilijaribu "kumalizia korasi". Uwanja ulihama wote kwa pamoja, bila kelele, kama maji yanayopwa.

Ngoma zenu nzito zije kwa barabara kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Funikeni nailoni. Maji ya chumvi na kinanda ni maadui.

Na mkipata nafasi, mwiteni mpigaji wa hapa apande nanyi. Mmlipe.

Malindi je, si kuna zaidi?

Kuna kelele zaidi, hilo nakubali. Hoteli nyingi, bendi za muziki wa chakacha na wa bango, na vijijini ngoma za Wagiriama kama mwanzele. Kila Agosti kuna sherehe za kumkumbuka Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha watu kwa ngoma ya kifudu mwaka 1913 dhidi ya Waingereza. Ukiwa njiani kuja Lamu mwezi huo, teremka. Sisi wakati huo kusi inavuma na tunalala.

Stima ikipotea?

Tunasogea karibu. Udi hauna plagi.

Usiku mmoja stima ilipotea barazani Mkomani, na dakika mbili baadaye uzi wa udi nao ukakatika, tang. Hakuna duka la nyuzi za udi Lamu. Mvuvi mmoja aliyekuwa amekaa ngazini akatoa mshipi mfukoni, wa nailoni, akaukata kwa meno. Mpigaji akaufunga kwa mwanga wa simu, akaukaza, ukateleza, akaukaza tena. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kuliko wenzake. Alipiga hadi saa saba, na nijuavyo uzi ule bado uko pale.

Daftari linafungwa lini, nami nikupe shoo yangu?

Alhamisi baada ya alasiri, Mkunguni, meza ya kahawa iliyo karibu na mti. Njoo na siku, mahali, na saa ya Kiswahili. Kama ni ya Idd, njoo na penseli.